Kiota Kisicho na Tundu

Msomaji, ukiitafuta nchi hii kwenye ramani utachosha macho bure. Wenyewe waliifuta humo baada ya kugundua kwamba ramani huonyesha pia nchi jirani, jambo lililoonekana kuwa ni kuwapa majirani umaarufu wasioustahili. Yatosha ujue kwamba ni nchi ya milima, mvua nyingi na amani kubwa. Amani yenyewe ilikuwa ya kisheria. Neno "tatizo" lilikuwa limeondolewa katika kamusi za shule, na neno "changamoto" lililowekwa badala yake nalo likaondolewa, maana lilianza kutumika mno. Wakati wa mambo haya ninayoyasimulia, mtu aliyeunguliwa na nyumba alitakiwa kuripoti kwamba amepata fursa iliyochangamka.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mlezi Mkuu. Watu wote walimpenda, na wale wachache ambao hawakumpenda walipewa muda na mahali pa kutafakari.

Siku moja Mlezi Mkuu alikwenda kuhutubia katika Bonde la Mwelu, bonde linalolisha nchi nzima nyanya. Wimbo wa taifa ukiwa unapigwa, akatokea nyuki mmoja mnene mwenye manyoya, wa aina ambayo wenyeji huwaita bambi, akamzunguka sikioni akinguruma. Hakumuuma. Bambi ni mdudu mpole, hana haraka, na asali yake haitoshi hata kulowesha ulimi. Lakini aliuingilia wimbo wa taifa kwa sauti isiyolingana nao, na baya zaidi, mbele ya umati wote Mlezi Mkuu alionekana akiinua bega. Haikupita wiki, ndege za serikali zikapita juu ya bonde zikimwaga dawa. Redio ikatangaza kwamba mabambi wote wa Mwelu wamestaafishwa kwa manufaa ya umma.

Msimu uliofuata minyanya ilichanua kuliko miaka yote, kisha maua yakaanguka chini bila kuacha tunda. Wakulima hawakushangaa. Ua la mnyanya huishika chavua yake kama mtu aliyefumba kiganja, na mjuzi wa kulifumbua ni bambi, ambaye hulikumbatia na kulitetemesha kwa mngurumo wake mpaka chavua imwagike. Wakawaeleza hayo maofisa wa kilimo. Maofisa waliandika yote kwa makini, halafu wakaripoti makao makuu kwamba Mwelu imevunja rekodi ya maua.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama kwenye meza ya Ikulu kachumbari isingekuja na vitunguu vitupu.

* * *

Serikali ilichukua hatua haraka. Iliagiza mabambi kutoka ng'ambo, nao wakaja kwa ndege wakiwa ndani ya maboksi ya karatasi ngumu. Walipokewa uwanjani na bendi, wakapigiwa saluti, wakapelekwa bondeni. Mvua ya Mwelu haijui mgeni. Maboksi yalilowa, yakalainika kama mkate katika chai, na siafu wakamaliza kazi. Ndipo ikatolewa amri kwamba kitengenezwe kiota cha kudumu, kisichooza, kisichopasuka, na kinachostahili nchi.

Amri hiyo ilitua mezani kwa Mhandisi Tusekile, wa Taasisi ya Taifa ya Mbao na Vifaa Vidogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkimya, mwenye akili ya kushika mambo, na katika taasisi hiyo alikuwa mmoja wa watu wachache waliowahi kugusa mbao. Tena Mwelu kulikuwa kwao. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na mama yake mdogo, Bi Ambwene, aliyemsomesha kwa nyanya, kikapu baada ya kikapu, mpaka chuo kikuu. Tusekile alimwita Mama na hakuwahi kumwita jina jingine.

Basi aliomba ruhusa akaenda kufanyia kazi yake huko huko. Kiota cha kwanza alikitengeneza kwa mbao tupu. Kikafura kwa unyevu mpaka mfuniko ukakataa kufunguka. Cha pili alikifanya cha bati, na jua la saa sita likawapika mabambi ndani. Alilia siku ile, akiwa ameinamia lile bati. Bi Ambwene akamwambia afute machozi kwanza ndipo ainamie, maana walio hai bado wamo ndani na chumvi si chakula chao.

Cha tatu kilifaa. Kuta zake zilikuwa za saruji iliyochanganywa na unga wa mbao, nyepesi na zenye kukinga joto na baridi. Ndani kilikuwa na vyumba viwili, cha mbele cha mabambi kutupia uchafu wao, na cha nyuma chenye sufi kavu ambamo malkia angetaga. Mfuniko ulikuwa wa kigae, na miguu ilisimama ndani ya makopo ya oili chafu ili siafu wasipande. Na mbele, chini kidogo ya ukingo wa mfuniko, palikuwa na tundu la kutosha kidole gumba.

Mzee Kabuje, jirani wa Bi Ambwene, alikubali viota vya majaribio viwekwe mpakani mwa shamba lake. Alikuwa mtu mkavu wa maneno, mwenye watoto wawili wa kiume waliolima pamoja naye. Mabambi wachache waliobaki katika msitu wa juu waliviona viota wakaingia. Mwaka ule minyanya ya Kabuje na ya Bi Ambwene iliinama kwa uzito. Tusekile alipokuwa akirudi mjini na kiota kimoja cha mfano, Mzee Kabuje alimsindikiza mpaka barabarani akiwa amekibeba yeye mwenyewe kichwani, heshima ambayo hakuwahi kumfanyia hata mbunge.

* * *

Kamati ya Taifa ya Kiota ilikaa katika ukumbi wenye zulia jekundu. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Mazao na Fahari, Mheshimiwa Dokta Lukwambe, mtu mkubwa kwa umbo na kwa sauti, ambaye udokta wake alikuwa amejitunuku katika hafla fupi lakini ya kugusa moyo. Alikizunguka kile kiota, akakigonga kwa pete yake, akauliza kitadumu muda gani. Tusekile akajibu kwamba kikitunzwa kinaweza kuwazidi umri wajukuu wa mkulima.

Waziri alisema hilo ni jema, ila kitu kinachodumu lazima kifanane na kile kinachodumu kuliko vyote. Akageuka akaitazama picha ya Mlezi Mkuu ukutani, na kamati nzima ikageuka pamoja naye. Ikaamuliwa papo hapo kwamba upande wa mbele wa kila kiota uchongwe uso wa Mlezi Mkuu, akitabasamu kwa kiasi.

Mchoro ulipoletwa, ilionekana kwamba tundu limeangukia mdomoni. Mkuu wa Itifaki alisimama, akauliza nani kati yao yuko tayari kumweleza Mlezi Mkuu kwamba wadudu wataingia na kutoka kinywani mwake mchana kutwa. Hakupatikana. Likapendekezwa lihamishiwe puani, mjumbe mmoja akakohoa. Likapendekezwa sikio, kamati ikakumbuka asili ya mambo yote, na aliyependekeza akaomba kauli yake isiandikwe. Mwingine akasema liwekwe kisogoni. Akajibiwa kwamba raia mwema hamwingilii kiongozi wake kwa nyuma. Palibaki upande wa chini. Mjumbe wa Wizara ya Utamaduni alianza kuueleza upande huo, akaona nyuso za wenzake, akaketi.

Hapo Mkuu wa Usalama, ambaye hadi wakati huo alikuwa akila karanga, alieleza kwa upole kwamba katika uzoefu wake siri zote za nchi zimetoka kwa njia ya matundu. Waziri Lukwambe aliona nuru. Alitamka kwamba kamati hailikatai tundu. Inalithamini. Ila kwa kuzingatia hatua tuliyofikia kama taifa, tundu liahirishwe mpaka awamu ya pili.

Kura zikapigwa kwa makofi. Kisha Waziri, ambaye alipenda mambo yaonekane yamefanywa kitaalamu, akamgeukia Tusekile na kumwomba atoe neno la mwisho. Aliongeza, kana kwamba imemjia tu njiani, kwamba kiti cha Mkurugenzi wa Taasisi kiko wazi.

Tusekile alikuwa amejiandaa. Alikuwa na sababu zake amezipanga, tena nyepesi, ambazo hata mtoto angezielewa: kiumbe akikosa mlango hawezi kuingia. Alisimama. Aliona nyuso zote zikimtazama kwa wema, wema wa watu wanaotaka kwenda kula. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, wazi kabisa:

"Tundu linaweza kusubiri."

Walimpigia makofi. Aliketi, akahisi masikio yakimuwaka moto, na moto ule ukashuka shingoni, ukaenda kifuani, ukakaa hapo. Chakula kilikuwa kizuri sana, kwa maelezo ya waliokula.

* * *

Kiwanda cha jeshi kilifyatua Viota vya Kudumu vya Taifa kwa maelfu. Kwa ajili ya uimara, unga wa mbao uliondolewa na saruji ikaongezwa, kwa hiyo kiota kimoja kilihitaji wanaume wanne kukinyanyua. Mlezi Mkuu alitoka vizuri. Wengi walisema anaonekana amepumzika.

Sheria ikapitishwa kwamba viota vyote visivyo na uso vikusanywe na kuvunjwa, kwa kuwa kiota kisicho na uso hakijulikani kinamtii nani. Mkurugenzi Tusekile alitumwa Mwelu kusimamia zoezi hilo kama mtaalamu. Alikwenda na malori mawili na vijana wenye nyundo.

Walianzia kwa Mzee Kabuje. Vijana walipovipiga viota vya mpakani, mabambi walitoka wakayumba hewani, wazito, wasiojua la kufanya. Hawakumuuma mtu. Baadhi walirudi na kutua juu ya vipande, pale palipokuwa na mlango, wakatembeatembea. Mzee Kabuje na wanawe walisimama wakitazama. Baadaye mzee alimwendea Tusekile, akamuuliza kama si yeye aliyevitengeneza vile vilivyovunjwa. Tusekile alitazama viatu vyake, viatu vizuri vya ngozi alivyonunua kwa ajili ya cheo, akajibu kwamba hivi vipya vimeboreshwa.

Bi Ambwene alitokea kwa nyuma na kitambaa cha shambani kichwani. Alikizunguka kiota kipya pande zote. Akapitisha kiganja juu ya ule uso, kuanzia paji hadi kidevu, kama anayemtafutia mgonjwa homa.

"Nyuki wapite wapi, mwanangu?"

"Wataalamu wanalifanyia kazi, Mama."

"Mtaalamu si wewe?"

Tusekile aligeuka. Aliwaambia vijana wapakie nyundo. Njiani, ndani ya gari la Mkurugenzi, dereva alimuuliza kama awashe kiyoyozi, maana alimwona anatoka jasho.

* * *

Maua yakaanguka tena. Safari hii serikali haikuweza kusema haijui, kwa hiyo ilisema inajua. Waziri Lukwambe alieleza redioni kwamba kazi ya bambi, kitaalamu, ni kunguruma tu, na kwamba nchi iliyojaa wazalendo haiwezi kushindwa na mdudu kwa kunguruma. Akatangaza Wiki ya Mvumo wa Taifa. Ofisi zilifungwa, na watumishi wote wa umma wakasombwa hadi Mwelu kwa mabasi, wakapangwa kati ya mistari ya minyanya, kila mmoja na ua lake. Kwa ishara ya kirungu walianza kuvuma. Makatibu wakuu walivuma sauti ya chini, makarani ya juu. Majaji walivuma wamekaa. Waziri alipita kati yao akisahihisha midomo. Wakati wa kugeuka walikanyaga minyanya mingi, jambo lililoelezwa kuwa ni palizi.

Tusekile alipangiwa shamba la Mzee Kabuje. Alipiga magoti mbele ya ua dogo la manjano, akafumba midomo, akavuma. Alijua kuliko wote pale kwamba sauti ile haitikisi kitu, kwamba bambi hulishika ua kwa mwili mzima. Alivuma hivyo hivyo, maana msimamizi alikuwa karibu. Alipoinua macho alimwona Mzee Kabuje amesimama mwisho wa mstari na jembe begani. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu wa ukoo wake akivua nguo sokoni, akitamani amfunike lakini hana shuka.

Mwaka huo Mwelu haikuvuna. Watoto wa Mzee Kabuje waliaga wakaenda kuvunja mawe katika migodi ya nchi jirani, ile iliyobaki kwenye ramani. Familia nyingine zilikula mbegu zilizotunzwa. Bi Ambwene aliuza mabati ya jikoni, akawa anapika chini ya turubai.

Tume iliundwa kuchunguza. Iliripoti kwamba Viota vya Kudumu vimefaulu kwa kiwango cha juu: hakuna hata kimoja kilichooza, kilichopasuka wala kuchafuka ndani. Ilipendekeza mhandisi wake atunukiwe nishani.

* * *

Hafla ilifanyika Mwelu penyewe, katika uwanja ule ule wa hotuba. Wakulima waliletwa wakae juani, wageni wakakaa kivulini. Ratiba ilisema kwamba baada ya nishani kuvishwa, mkulima mmoja atatoa shukrani kwa niaba ya wenzake, na watu wa itifaki, walipogundua kwamba mhandisi alilelewa na mkulima wa hapo hapo, walifurahi wakamchagua Bi Ambwene. Walimpa khanga mpya yenye uso wa Mlezi Mkuu. Walimkaririsha maneno.

Waziri Lukwambe alihutubia kwa kirefu. Alisema zamani mabambi waliishi ardhini, katika mashimo ya panya, bila hadhi wala anwani, na kwamba leo hii, kila bambi anayetaka kiota anakiona kutoka mbali. Kisha akamvisha Tusekile nishani ya dhahabu yenye umbo la kiota. Ilikuwa nzito, ikamvuta shingo, na watu waliokuwa kivulini walidhani anainama kwa adabu.

Bi Ambwene akaitwa. Alipanda jukwaani polepole, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakuwatazama wageni. Aligeukia upande wa jua, walikokaa majirani zake, akapiga magoti.

"Huyu ni mtoto wangu," alisema. "Nimemlea mimi. Kama hakujifunza kusema kweli, basi mimi ndiye sikumfunza. Mmekosa mavuno, watoto wenu wametawanyika. Jirani zangu, naomba mnisamehe."

Katika nchi hiyo hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia samahani ikitoka jukwaani, na bendi, isiyojua ni wimbo gani hupigwa baada yake, ilibaki na tarumbeta mdomoni. Mkuu wa Itifaki alipekua ratiba yake mbele na nyuma. Waziri alitabasamu, akafuta tabasamu, akalirudisha.

Tusekile alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mama yake. Aliziona nyayo zake zilizopasuka zikitokeza chini ya ile khanga mpya. Alimwona Mzee Kabuje mstari wa mbele, peke yake, na nafasi mbili tupu ubavuni mwake ambazo hakuna aliyezikalia. Moto ule wa ukumbini ukampanda tena mpaka machoni. Aliivua nishani, akaiweka sakafuni, akapiga magoti karibu na mama yake. Bi Ambwene alimsogezea kipaza sauti bila kumtazama.

"Mama yangu hana kosa," Tusekile alisema. "Nilijua tundu lazima liwepo. Waliponiuliza, nilisema linaweza kusubiri. Nilitaka cheo. Nyuki hawakuwa na pa kuingia, nami nililijua hilo tangu siku ile."

Hapo ndipo kipaza sauti kilipozimwa, lakini alikuwa amemaliza.

* * *

Kesi yake ilileta ugumu kidogo, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyokataza mtu kusema kweli. Watunga sheria hawakuwahi kuona haja. Mwishowe alishtakiwa kwa kumiliki kosa bila kibali. Mwendesha mashtaka alieleza vizuri sana. Alisema kila kitu kilichotokea katika mradi wa serikali ni mali ya serikali, nayo serikali haina kosa hata moja ghalani. Sasa huyu bibi, aliuliza akigeuka huku na huku, hilo la kwake amelitoa wapi?

Mahakama ilimnyang'anya cheo na shahada zake, na kumwamuru asijue tena mambo aliyokuwa akiyajua. Halafu, kwa kuwa nchi hiyo huwaheshimu wakulima kama uti wa mgongo wa taifa, ilimpa adhabu kali kuliko zote, yaani akaishi nao.

Alirudi Mwelu na begi moja. Bi Ambwene alimpokea, akamwekea chakula chini ya turubai, akampa jembe. Hawakuyazungumza yale. Waliyapita kama watu wanaopita kando ya kaburi njiani, kila siku, bila kulinyooshea kidole.

Majirani hawakumtukana. Ingekuwa nafuu. Alipokwenda kisimani wanawake walimpisha achote kwanza, kama mgeni. Mzee Kabuje alikutana naye kila asubuhi kwenye njia ya mashambani. Tusekile aliinama na kusema shikamoo, naye mzee alipita na jembe lake akitazama mbele. Alimwamkia kila siku hata hivyo. Hakuona kwamba ana haki ya kuacha.

Kwa unga wa mbao aliouomba kwa wapasua magogo, alianza tena kutengeneza viota, vile vya mwanzo. Sheria ya nyuso ilikuwa bado ipo, lakini askari wa bonde nao walikuwa na mashamba, na macho yao yalianza kuwa dhaifu. Kila alipomaliza kiota alikiweka kando ya njia, bila neno, anayetaka achukue. Vilikaa hapo muda mrefu vikinyeshewa. Kisha kimoja kikatoweka, na siku chache baadaye, akipita na kuni, alikiona kimesimama mpakani kwa Mzee Kabuje. Aliharakisha asije akaonekana anatazama.

Mvua za pili zilipokuwa zikianza, asubuhi moja ya ukungu, Mzee Kabuje alikuja mpaka uani kwa Bi Ambwene, akasimama nje ya turubai. Tusekile aliinuka, akamwamkia kama kawaida. Mzee hakuitika. Alisema tu kwamba siafu wameingia katika kiota chake.

Tusekile alichukua kopo la oili na panga, akamfuata, yeye nyuma, mzee mbele. Walipofika aliuinua mfuniko. Sufi ilikuwa nyeusi kwa siafu. Mayai na watoto wote walikuwa wameliwa, na malkia amelala ubavuni, manyoya yake yamelowa. Mabambi wawili watatu tu waliobaki walijibanza kwenye kona ya juu wakinguruma kwa sauti ndogo. Alichunguza miguu, akaona majani yamekua kando yake na kuegemea ukuta, siafu wakapita humo kama darajani bila kugusa oili.

Mkono wake ulibaki juu ya kigae. Angeweza kusema kwamba majani hayakufyekwa, na ingekuwa kweli nusu.

"Miguu niliifanya mifupi," alisema. "Kosa ni langu, Baba."

"Najua ni lako," Mzee Kabuje alisema. "Ningekuwa sijui, ningemfuata nani?"

Akaegemeza jembe mtini, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa upande wa pili wa kiota, naye akakishika.